Saa Mbili Asubuhi au Saa Mbili Usiku?

Lori likigoma kuwaka, kuna kipimo kimoja cha bure ambacho wengi hukipita. Washa swichi, piga stata, na badala ya kusikiliza injini tazama mshale wa RPM. Ukiinuka na kucheza kati ya 150 na 250, basi kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi huiita kontroboksi, inaona kwamba kranki shafti inazunguka. Ukibaki umelala huku stata inalia, kompyuta haina habari kwamba kuna kitu kinachozunguka, na kwa kuwa haina habari haitafungua injekta hata moja. Kwenye baadhi ya malori mshale huo ni mzito, hauonyeshi mizunguko midogo. Hapo itabidi uchomeke mashine ya kupimia na kusoma tarakimu.

Nililikuta lori moja Makambako, karibu na njia panda ya Songea. Semi la Ulaya, silinda sita, limebeba shaba kuelekea bandarini Dar es Salaam. Ndani ya wiki mbili lilikuwa limefungwa sensa ya tatu ya kranki. Kila ikifungwa mpya, namba ya hitilafu inafutwa, gari linawaka, linatembea vizuri mpaka likutane na mlima. Hapo linakata moto ghafla kama mtu kazima swichi. Mwenye gari, kwa simu, alikwisha kata shauri: sensa ni feki. Fundi alishaanza kuamini kwamba kontroboksi imekufa. Dereva, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, alikuwa amekaa juu ya tairi la akiba anakunywa chai, na hakuna aliyemwuliza neno. Nitarudi kwake.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachopimwa. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tunacho kielelezo ambacho mwalimu wa makanika angekitafuta kwa tochi. Mkono mfupi wa saa huzunguka mara mbili kwa siku moja. Mtu akikwambia ni saa mbili, hujui bado kama ni ya kunywa chai au ya kula ugali wa usiku; unatazama nje kama kuna jua. Injini ya mipigo minne nayo hivyo hivyo. Kranki shafti huzunguka mara mbili ndipo kazi ya silinda moja ikamilike, kwa hiyo pistoni ya silinda ya kwanza hufika juu kabisa mara mbili: mara moja imegandamiza hewa, ikingoja dizeli, mara ya pili inasukuma moshi nje. Ukiangalia kranki peke yake, nafasi hizo mbili hazina tofauti hata kidogo. Sensa ya kranki inasema tu "saa mbili". Kamshafti, ambayo huzunguka mara moja wakati kranki imezunguka mara mbili, ndiyo jua lenyewe. Sensa yake inasema asubuhi au usiku.

Usahihi wa saa hiyo si wa kubahatisha. Sahani ya meno inayosomwa na sensa ya kranki, mara nyingi kwenye flaiwili au karibu nayo, kwa mpangilio uliozoeleka sana imegawanywa nafasi 60, kisha meno mawili yakaondolewa makusudi, yakabaki 58. Kila nafasi ni digrii 6. Lile pengo la meno mawili ndilo alama ya kuanzia kuhesabu: pengo likipita, kompyuta inajua jino linalofuata ni la ngapi. Kwenye kamshafti ya injini ya silinda sita, mpangilio mmoja wa kawaida una alama sita na moja ya ziada iliyowekwa jirani na mwenzake, ili silinda ya kwanza itambulike. Katikati ya jino na jino kompyuta hukadiria kwa kuangalia kasi. Inabidi iwe hodari, maana injini ikiwa kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika, digrii moja ya kranki hupita kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Dizeli ikiingia mapema mno, injini inagonga na pistoni inapokea kipigo wakati bado inapanda. Ikichelewa, nguvu zinapotea, moshi unaongezeka na joto linahamia kwenye egzosti.

Mambo haya yote zamani yalikuwa chuma kitupu. Pampu za Bosch za mstari, zilizoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1927, zilipata taimingi yake kutoka kwenye gia, na fundi aliipanga kwa mkono kwa kulinganisha alama. Mabedford na Fuso za zamani hazikuhitaji kuambiwa na waya kwamba zinazunguka. Miaka ya tisini umeme ukaingia kwenye injekta na pampu za malori, na mwaka 1995 Denso wakaweka mfumo wa komoni reli kwenye malori ya Hino. Tangu hapo fundi hapangi tena taimingi ya dizeli. Kompyuta huipanga upya kila mpigo. Kazi yetu imebaki kuhakikisha haidanganywi. Nasikia wazee wakisema injini za zamani zilikuwa bora. Zilikuwa rahisi kuzielewa, ndiyo, lakini pampu iliyochakaa ilichelewesha taimingi miezi na miezi bila mtu kujua, na lori likanywa mafuta kimyakimya. Ya sasa angalau inalalamika.

Inalalamika kwa namba, na kwenye namba ndipo pesa nyingi hupotelea. Malori mengi ya leo huzungumza kwa lugha ya J1939, ambayo kila hitilafu ina sehemu mbili. Namba ya kwanza, SPN, inataja eneo: 636 ni sensa ya nafasi ya injini, kwa kawaida upande wa kamshafti, 190 ni kasi ya injini, 723 ni sensa ya pili ya kasi. Namba ya pili, FMI, inataja aina ya lalamiko, na hiyo ndiyo wengi hawaisomi. FMI 3 na 4 ni habari za volti kupita kiasi juu au chini, yaani mara nyingi waya umegusa mahali usipotakiwa. FMI 5 ni mkondo ulio mdogo mno au saketi iliyokatika. FMI 2 ni taarifa zinazorukaruka au zisizoaminika. FMI 8 ni mapigo ambayo kasi au upana wake haueleweki. FMI 7 ni chuma kutofanya kazi inavyotarajiwa. Fundi anaposema "mashine imeandika sensa ya kranki," amesoma nusu ya sentensi. Mashine haijaandika kwamba sensa ni mbovu. Imeandika kwamba habari za eneo lile hazikufika, au zilifika zikiwa na kasoro. Kati ya jino la flaiwili na kompyuta kuna hewa, sensa, soketi, waya wa mita kadhaa, pengine soketi nyingine tena, halafu pini ya kontroboksi. Sensa ni kituo kimoja tu njiani.

Kwa nini basi hubadilishwa kwanza? Kwa sababu inabadilishika. Ina bolti moja, inauzwa dukani, na mteja anaona kazi imefanyika. Kufuatilia waya nyuma ya injini kunachukua saa tatu na hakuna boksi tupu la kumwonyesha mwenye gari.

Sensa zenyewe ni za aina mbili, na ukizichanganya utapima upuuzi. Ya kwanza ina koili na sumaku: jino la chuma likipita, umeme unazaliwa ndani ya koili, kanuni aliyoigundua Faraday mwaka 1831. Haihitaji kupelekewa umeme. Ina nyaya mbili, wakati mwingine na wa tatu wa kinga. Ya pili hutumia kanuni ya Hall, ya mwaka 1879: ina nyaya tatu, inapelekewa umeme, mara nyingi volti 5, na inajibu kwa mapigo ya mraba, juu au chini, hakuna katikati. Ya koili unaweza kuipima omu. Ya Hall ukiipima omu hupati jibu lolote la maana. Yenyewe inataka uhakikishe umeme unafika, ethi ni nzima, halafu utazame mapigo kwenye waya wa ishara.

Hata kipimo cha omu kina mtego wake. Chukua koili yenye omu 860 kwenye nyuzi joto 20, kipimo cha kawaida kwa sensa za Bosch za namna hii. Waya wa shaba huongeza ukinzani kadiri unavyopata joto, takribani asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Sensa ile ile ikitoka kwenye injini ya nyuzi 100 itasoma omu 1,100 na ushee. Nimewahi kuona sensa nzima ikitupwa kwenye ndoo ya skrepa kwa sababu kitabu kilisema 860, na anayepima alikuwa ameitoa injini ikiwa bado inachoma vidole. Kinyume chake pia hutokea, na ni kibaya zaidi: sensa inasoma vizuri mezani ikiwa baridi, lakini waya mwembamba wa ndani una ufa unaofunguka ukipata joto. Lori linatembea saa moja, linazima, linakaa nusu saa pembeni ya barabara, linawaka kama vile halikuwa na tatizo. Dawa ya barabarani ni kuimwagia sensa maji ya chupa likizima. Likiwaka papo hapo, umepata mgonjwa. Si kipimo cha maabara, lakini kwa aina hiyo ya ubovu kinasema kweli.

Sensa ya koili ina udhaifu mwingine unaotokana na maumbile yake: nguvu ya ishara inategemea kasi ya meno na ukaribu wake. Stata ikizungusha polepole, ishara inakuwa ndogo. Kwa hiyo betri mbili zilizochoka, ambazo zikipigwa stata zinaporomoka kutoka volti 24 mpaka chini ya 18, zinaweza kuandika hitilafu ya sensa bila sensa kuwa na kosa lolote. Siku hizi nikiambiwa lori halisomi kranki wakati wa asubuhi yenye baridi, kule Njombe au Mbeya, swali langu la kwanza ni umri wa betri. Nafasi kati ya ncha ya sensa na jino nayo ni ndogo, mara nyingi kati ya nusu milimita na milimita moja na nusu. Sumaku iliyomo huvuta vumbi la chuma, hasa baada ya klachi kuchakaa au meno ya flaiwili kuliwa na stata. Ukiichomoa ukakuta ina ndevu nyeusi kama brashi, ifute, ujaribu kwanza kabla ya kwenda dukani. Na ujiulize chuma hicho kimetoka wapi.

Kuna kosa moja ambalo nalipenda kwa sababu humchanganya hata fundi mzuri. Waya ulikatika, ukaungwa, na nyaya mbili za sensa ya koili zikabadilishana nafasi. Omu sawasawa. Volti za AC wakati wa kupiga stata, sawasawa. RPM inasomeka. Lakini injini inawaka kwa shida, au haiwaki kabisa, na kompyuta inalalamika kwamba kranki na kamshafti hazikubaliani. Sababu ni kwamba wimbi la sensa hii lina upande mmoja mkali, pale linapokatiza sifuri katikati ya jino, na kompyuta inahesabu kwa upande huo. Ukigeuza nyaya, upande mkali unageuka; kompyuta inasoma katikati ya bonde badala ya katikati ya jino, karibu nusu nafasi, ambayo ni kama digrii 3, na lile pengo la meno mawili linaonekana kwa umbo jingine. Mita ya kawaida haitakuonyesha hili hata ukikesha nayo. Oskiloskopu inalionyesha mara moja.

Ndiyo maana nadhani gereji yenye uwezo wa kununua kifaa kimoja tu cha ziada inunue oskiloskopu ya njia mbili kabla ya mashine ya pili ya kusoma namba. Unachomeka njia moja kwenye sensa ya kranki, ya pili kwenye ya kamshafti, unapiga stata, unapata picha. Meno 58 yaliyojipanga, pengo, meno tena. Na chini yake alama za kamshafti. Jino lililovunjika linaonekana kama mpigo uliopungua mahali pale pale kila mzunguko. Sahani iliyopinda inafanya mawimbi yapande na kushuka kama bahari. Waya unaokatikakatika unaacha mashimo yasiyo na mpangilio. Ukiwa na picha ya injini kama hiyo ikiwa nzima, iliyohifadhiwa kwenye simu, huna haja ya kubishana na mtu.

Picha hiyo hiyo ndiyo inayotatua kesi nzito kuliko zote: sensa zinasema kweli, na injini yenyewe ndiyo imepishana. Hii huja hasa baada ya injini kufunguliwa. Gia ya kamshafti imefungwa ikiwa imeruka jino moja, au flaiwili imerudishwa bila kufuata pini yake, au sahani ya meno imeteleza. Jino moja si jambo dogo. Kama gia ya kamshafti ina meno 60, jino moja ni digrii 6 za kamshafti, ambazo ni digrii 12 za kranki. Valvu zinafunguka kwa wakati usio wake, na kwenye baadhi ya injini zinaweza kukutana na pistoni. Hapa kubadilisha sensa si hasara ya pesa tu. Kila stata inayopigwa kujaribu sensa mpya ni kamari juu ya silinda hedi. Lori lililowaka vizuri kabla ya kufunguliwa na kugoma baada ya kufungwa, likiandika kwamba kranki na kamshafti hazilingani, lisipigwe stata tena mpaka alama za gia zitazamwe kwa macho. Najua ni kazi ya siku nzima, hasa kwa zile injini ambazo gia zake ziko nyuma, upande wa flaiwili, na kuzifikia ni kushusha giaboksi.

Jambo jingine linalowapotosha watu ni kwamba injini nyingi hukubali kutembea na sensa moja. Ikipoteza ya kamshafti ikiwa tayari imewaka, inaendelea, maana ilishajua asubuhi ni lini na inahesabu tu. Ikizimwa ndipo shida inaanza: kuwaka kunachukua muda, kompyuta inajaribu mzunguko huu, ikiona hakuna mwitikio inajaribu ule. Ikipoteza ya kranki, baadhi huendelea kwa ya kamshafti peke yake, nguvu zikiwa zimepunguzwa. Dereva anaona lori zito, anadhani filta ya dizeli au turbo. Kwa hiyo lalamiko la "linawaka kwa shida lakini likishawaka liko poa" lina maana mahususi kwenye somo hili, na linastahili kuandikwa kama lilivyosemwa.

Hapo ndipo tunarudi Makambako, kwa mtu aliyekuwa juu ya tairi la akiba.

Hitilafu iliyosomwa siku ile ilikuwa ya kasi ya injini, FMI 2: habari zinazorukaruka. Kila mtu pale aliunganisha mlima na joto. Mlima unapasha injini, sensa inapata joto, inakufa. Kwa hiyo sensa. Ilikuwa nadharia nzuri na iliwagharimu sensa tatu. Fundi mmoja kijana, aliyekuja kuazima spana, ndiye aliyemsogelea dereva.

"Shikamoo mzee. Likizima huko mlimani, mnakaa muda gani ndipo liwake?"

"Marahaba. Hatukai. Nikishalisimamisha, napiga stata linawaka hapo hapo. Nikikanyaga mafuta na mzigo, linazima tena."

"Na kwenye tambarare?"

"Kwenye tambarare halijazima hata mara moja. Na lilikuwa na joto lile lile."

Kijana aliuliza swali moja zaidi: kabla ya hapo lilitengenezwa nini? Stata, mzee akajibu, kama wiki tatu zilizopita. Basi hakugusa sensa. Kabini ikainuliwa, injini ikawashwa, mwingine akakaa ndani akawa anakanyaga na kuachia mafuta, na yeye akashika wayaringi mkono kwa mkono kuanzia kwenye soketi ya sensa kurudi nyuma, akitikisa taratibu. Karibu na stata injini ikazima.

Klipu mbili za kushikilia wayaringi hazikurudishwa stata ilipofungwa. Waya ulikuwa umelala juu ya ukingo wa breketi ya chuma. Kwenye tambarare injini ilitulia kwenye mauntingi zake na waya ukatulia nayo. Kwenye mlima, gia ndogo na mzigo wa shaba nyuma, injini ilijipinda upande mmoja, waya ukavutwa, na shaba ya ndani, iliyokwisha kuchunwa mpira wake kwa urefu wa ukucha, ikagusa chuma. Ishara ilikuwa inakufa kwa kuguswa tu.

Wakakata kipande kile, wakauchomea waya risasi, wakauvalisha mpira, wakafunga klipu. Sensa ya kwanza, ile iliyotoka na gari, ilikuwa bado kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kabini. Kijana akaipima ikiwa baridi, akairudisha mahali pake, na zile mpya akamkabidhi dereva ampelekee tajiri wake. Mwenye gereji akauliza, kwa sauti ya mtu anayejitetea, mbona mzee hakusema tangu mwanzo.

"Nilisema mlima," mzee akajibu, anamwaga masalia ya chai. "Joto mlisema ninyi."